Mawimbi ya Simu na Nguvu ya Betri

Bila shaka umewahi kuona simu ya mkononi. Huenda nyumbani kwenu ipo moja ambayo hutumiwa na jamaa wote. Simu hiyo hupelekwa kuchajiwa kwa jirani mwenye umeme wa jua, kisha hutazamiwa ikae siku mbili au tatu.

Pengine umewahi kumsikia mtu mzima akilalamika hivi: "Asubuhi niliondoka mjini simu ikiwa imejaa chaji. Sikuzungumza na mtu yeyote njiani. Mbona nilipofika shambani jioni ilikuwa imezimika?" Wengine husema kwamba betri ni mbovu. Wengine humlaumu mtu aliyeichaji. Mara nyingine maneno hayo huwa ya kweli. Lakini mara nyingi betri huwa nzima, na aliyeichaji huwa hana kosa lolote. Sababu ni kitu ambacho hakionekani kwa macho.

Jambo hili si dogo. Tuseme kwamba usiku mtoto mchanga anashikwa na homa kali, na zahanati iko mbali. Simu yenye chaji inaweza kumwita mwenye pikipiki au kumwuliza mganga ushauri. Simu iliyozimika haiwezi kusaidia, hata kama ni ya bei kubwa. Kwa hiyo ni vizuri tujue kinachomaliza betri, ili tuweze kuitunza.

SIMU NI REDIO NDOGO

Tumekwisha kujifunza kwamba sauti husafiri kwa mawimbi katika hewa. Yako pia mawimbi ya namna nyingine, yanayoitwa mawimbi ya redio. Mawimbi haya hayahitaji hewa ili yasafiri. Huenda kwa mwendo wa mwanga, yaani kiasi cha kilometa 300,000 kwa kila sekunde. Mtu wa kwanza kuonyesha kwa majaribio kwamba mawimbi hayo yapo kweli alikuwa mwanasayansi wa Ujerumani, Heinrich Hertz. Alifanya majaribio yake kati ya mwaka 1886 na 1889.

Redio ya nyumbani hupokea mawimbi tu. Unaweza kumsikia msomaji wa habari, lakini yeye hawezi kukusikia wewe. Simu ya mkononi hufanya kazi mbili: hupokea mawimbi, na pia hutoa mawimbi yake yenyewe. Ndiyo maana tunasema kwamba simu ni redio ndogo yenye sikio na mdomo.

Watu wengi hudhani kwamba mawimbi ya simu moja huruka moja kwa moja mpaka kwenye simu nyingine. Sivyo. Tuseme unampigia shangazi yako aliye Dodoma, nawe uko Tanga. Simu yako hutuma mawimbi mpaka kwenye mnara ulio karibu nawe. Kutoka hapo maneno yako hupelekwa kwa nyaya au kwa mawimbi mengine mpaka kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Mitambo hiyo huyapeleka kwenye mnara ulio karibu na shangazi yako. Mwishowe mnara huo huyatuma kwenye simu yake. Hata watu wawili wanaopigiana simu wakiwa katika uwanja mmoja, maneno yao hupita kwenye mnara kwanza.

Basi kazi ya simu yako ni kuufikia mnara wake. Kazi hiyo ikiwa nyepesi, betri hukaa. Kazi hiyo ikiwa nzito, betri huisha upesi. Hebu tuchunguze kitu kinachoifanya kazi hiyo iwe nyepesi au nzito.

MAWIMBI HUPUNGUA NGUVU KWA UMBALI

Jaribio la 1

Vitu vinavyotakiwa: taa ya simu ya mwalimu, au tochi ndogo isiyo na kioo mbele, kipande cha boksi, rula, kisu kidogo au mkasi, na ukuta mweupe katika chumba chenye giza.

Njia: Kata tundu la mraba katikati ya kipande cha boksi. Kila upande wa tundu uwe na urefu wa sentimeta 5. Weka taa umbali wa sentimeta 60 kutoka ukutani. Shika boksi katikati, yaani sentimeta 30 kutoka kwenye taa. Washa taa, kisha pima mraba wa mwanga unaoonekana ukutani.

Unaona nini? Mraba wa ukutani una upande wa sentimeta 10 hivi. Tundu lina eneo la sentimeta za mraba 25, lakini mwanga uliopita katika tundu hilo umeenea katika sentimeta za mraba 100. Umbali umekuwa mara mbili, na mwanga umetandazwa mahali palipo pakubwa mara nne. Kwa hiyo kila sehemu ya ukuta hupata robo tu ya mwanga ambao ungepatikana penye tundu.

Sasa sogeza taa na boksi mpaka taa iwe sentimeta 90 kutoka ukutani. Boksi libaki sentimeta 30 kutoka kwenye taa. Pima tena. Umbali umekuwa mara tatu, na eneo limekuwa mara tisa.

Mawimbi ya redio hutawanyika kwa namna hiyo hiyo. Kadiri yanavyokwenda mbali, ndivyo yanavyozidi kuwa dhaifu. Mtu anayeishi kilometa 6 kutoka kwenye mnara hupata mawimbi dhaifu kuliko yule anayeishi kilometa 2, hata kama njiani hakuna kitu chochote cha kuyazuia.

VIZUIZI VYA MAWIMBI

Mara nyingi njiani huwa na vizuizi. Kizuizi kikubwa kuliko vyote ni mlima. Katika nchi ya milima, kama vile Usambara au Uluguru, mnara unaweza kuwa karibu na kijiji, na hata hivyo watu wa bondeni wasipate mtandao vizuri, kwa sababu mlima umesimama katikati. Ndiyo sababu watu hupanda kilimani wakitaka kupiga simu. Kadhalika, minara hujengwa juu ya vilima ili mawimbi yake yaone mbali.

Vizuizi vingine ni kuta nene za mawe au saruji, misitu minene, na hasa vitu vya chuma. Mabati huyarudisha mawimbi ya redio, kama kioo kinavyorudisha mwanga. Kwa sababu hiyo simu iliyo ndani ya banda lililozungushiwa mabati pande zote hupata mawimbi kidogo. Mawimbi yanayoingia hupita madirishani na kwenye nafasi zilizo wazi.

Jaribio la 2

Omba ruhusa kwa mzazi au mwalimu ufanye jaribio hili kwa simu yake. Juu ya kioo cha simu ipo alama ya vijiti vifupi na virefu. Vijiti hivyo huonyesha nguvu ya mawimbi yanayotoka kwenye mnara. Hesabu vijiti ukiwa katika sehemu hizi: katikati ya nyumba, karibu na dirisha, nje uwanjani, bondeni, na juu ya kilima. Kila mahali ngoja dakika mbili kabla ya kuhesabu. Andika majibu yako katika jedwali. Mahali gani pana vijiti vingi? Mahali gani pana vijiti vichache? Eleza sababu.

SIMU HUPAZA SAUTI

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo letu. Fikiri juu ya watu wawili wanaozungumza wakiwa wameketi katika mkeka mmoja. Wao husemezana kwa sauti ya chini, na wanaweza kuzungumza tangu asubuhi hata jioni bila kuchoka. Lakini mmoja wao akivuka mto na kusimama ng'ambo, itawabidi wapige kelele. Baada ya muda mfupi makoo yatakauka na nguvu zitawaishia.

Simu na mnara hufanya vivyo hivyo. Wakati unapozungumza, mnara hupima mawimbi ya simu yako kila mara. Yakiwa na nguvu nyingi kuliko inavyohitajika, mnara huiagiza simu ipunguze. Yakiwa dhaifu, mnara huiagiza iongeze. Wewe husikii maagizo hayo, wala hubonyezi kitu chochote. Simu hutii yenyewe.

Tofauti ni kubwa sana. Simu nyingi ndogo za kizazi cha pili zinaweza kutoa mawimbi yenye nguvu ya wati 2, kwa vipindi vifupi vifupi, zinapokuwa mbali na mnara. Zikiwa karibu na mnara, nguvu hiyo hupunguzwa ikawa ndogo kuliko sehemu moja ya mia ya wati. Yaani nguvu ya mbali yaweza kuwa zaidi ya mara 200 ya nguvu ya karibu! Nguvu hiyo yote hutoka katika betri. Ndiyo sababu simu hupata joto mkononi unapozungumza kwa muda mrefu mahali penye mtandao hafifu.

Watu wengine husema kwamba mnara hufyonza betri za simu zilizo karibu nao. Maneno hayo si kweli. Mnara hauchukui umeme wowote kutoka katika simu. Kwa kweli simu iliyo karibu na mnara hufanya kazi ndogo kuliko iliyo mbali.

HATA MFUKONI SIMU HAIKAI KIMYA

Utauliza: "Lakini yule mtu hakuzungumza na mtu yeyote njiani. Kwa nini betri yake iliisha?" Swali hilo ni zuri.

Simu iliyowashwa hufanya kazi hata ikiwa mfukoni. Ni lazima mnara ujue simu iko upande gani, ili mtu akikupigia aweze kukupata. Kwa hiyo simu hujitambulisha inapowashwa, inapohamia eneo jingine, na tena kila baada ya muda fulani. Huenda umewahi kusikia redio au kipaza sauti kikikoroma "ti-ti-ti, ti-ti-ti" wakati simu iko karibu nacho. Mara nyingine simu huita baada ya mkoromo huo. Mara nyingine haiiti kabisa. Mkoromo huo ni dalili kwamba simu imetuma mawimbi, ingawa mwenyewe hakuigusa.

Mahali penye mtandao mzuri, simu hupumzika. Hulala kidogo, huamka kila baada ya sekunde moja au mbili, husikiliza kama inaitwa, kisha hulala tena. Ni kama mlinzi anayesinzia kwa zamu na kufumbua jicho moja.

Mahali pasipo na mtandao kabisa, simu haipumziki vizuri. Haisikii mnara wake, kwa hiyo huanza kuutafuta. Husikiliza mawimbi ya namna hii, kisha ya namna ile, mmoja baada ya mwingine. Isipopata kitu, hungoja kidogo, halafu huanza tena. Ni kama mtoto aliyepoteza njia porini, ambaye kila mara husimama na kutega masikio akitumaini kusikia sauti za watu wa nyumbani. Kazi hiyo hula betri, ingawa hakuna neno lililosemwa.

Sasa tunaweza kumjibu yule msafiri. Basi lake lilipita mabondeni na katika mapori. Mara simu ilipata mnara mmoja, mara ikaupoteza, mara ikapata mwingine ulio mbali. Kila mara ilijitambulisha kwa nguvu kubwa au ilitafuta kwa muda mrefu. Alipofika shambani, betri ilikuwa imekwisha. Kama simu yake ilikuwa na laini mbili, na moja haikuwa na mtandao, kazi ilizidi.

BETRI NI KAMA MTUNGI WA MAJI

Betri ya kwanza ilitengenezwa na Alessandro Volta wa Italia katika mwaka 1800. Betri za simu za siku hizi hutengenezwa kwa madini yanayoitwa lithiamu, na zilianza kuuzwa katika mwaka 1991. Kabla ya hapo betri zilikuwa nzito. Mtu wa kwanza kupiga simu ya mkononi mbele ya watu alikuwa Martin Cooper, katika mji wa New York, Marekani, tarehe 3 Aprili 1973. Simu yake ilikuwa na uzito wa kilo moja na zaidi. Simu ya namna hiyo ilipoanza kuuzwa miaka 10 baadaye, mtu aliweza kuzungumza kwa kiasi cha nusu saa tu, kisha ilimbidi aichaji kwa saa 10 hivi.

Betri inafanana na mtungi wa maji. Mtungi ukiwa umejaa, maji yatakaa siku ngapi? Jibu hutegemea kiasi unachochota kila siku. Juu ya betri ya simu pameandikwa namba inayoonyesha ukubwa wa "mtungi" huo. Kipimo chake ni miliampia-saa.

Tuseme betri yetu ina miliampia-saa 1,000. Mahali penye mtandao mzuri simu iliyopumzika inatumia miliampia 5. Betri itakaa muda gani?

1,000 ÷ 5 = saa 200, yaani zaidi ya siku 8.

Tuseme sasa simu ile ile iko bondeni, nayo inatafuta mnara kila mara na kutumia miliampia 25.

1,000 ÷ 25 = saa 40, yaani siku moja na saa 16.

Betri ni ile ile, na simu ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali tu.

TUTUNZEJE BETRI?

1. Ukiwa nyumbani, tafuta mahali penye mtandao mzuri na uiweke simu hapo. Mahali hapo paweza kuwa karibu na dirisha au kwenye rafu iliyo juu. Usiiweke ndani ya sanduku la chuma.

2. Ukisafiri kwa saa nyingi katika pori lisilo na mtandao, zima simu, au iweke katika hali ya ndege. Katika hali hiyo simu huacha kutuma na kutafuta mawimbi ya mnara. Lakini kumbuka kwamba mtu atakayekupigia hatakupata. Kwa hiyo waambie jamaa mapema: "Nitaiwasha saa mbili usiku."

3. Simu ikiwa na laini mbili, na moja haina mtandao mahali pale, zima laini hiyo.

4. Mahali penye mtandao hafifu, fupisha mazungumzo. Ujumbe mfupi wa maandishi hutumwa kwa muda mdogo sana, na mara nyingi hufika hata pale ambapo mazungumzo hukatika.

5. Punguza mwanga wa kioo, na zima intaneti usipoitumia. Mambo hayo pia hula betri.

6. Usiitumie chaji yote kwa michezo na muziki. Bakiza sehemu kwa ajili ya dharura ya usiku. Namba ya dharura 112 inaweza kupigwa kwa mnara wa kampuni yoyote ulio karibu, hata kama mtandao wa laini yako haupo.

ONYO: Usifungue betri, usiitoboe, wala usiitupe motoni. Lithiamu iliyo ndani inaweza kuwaka ghafula na kukuunguza. Betri iliyovimba isitumiwe tena. Pia usipande mnara wa simu kwa sababu yoyote ile.

Tukumbuke kwamba matumizi mazuri hayawezi kumaliza shida yote. Kijiji kilicho mbali na mnara kitaendelea kupata taabu mpaka mnara ujengwe karibu. Kwa ajili hiyo nchi yetu ya Tanzania ilipitisha sheria katika mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao husaidia kupeleka mawasiliano katika sehemu za vijijini. Mpaka mnara utakapofika, mwenye maarifa ataitunza chaji yake kama mwenye mtungi mmoja anavyotunza maji wakati wa kiangazi. Siku mtoto atakaposhikwa na homa usiku, simu yake itakuwa hai.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Simu hupokea na kutoa mawimbi ya redio. Mawimbi hupungua nguvu kwa umbali na kwa vizuizi. Simu iliyo mbali na mnara hutuma mawimbi yenye nguvu zaidi. Simu isiyo na mtandao huutafuta mnara mara kwa mara. Mambo hayo mawili humaliza betri upesi, hata kama mwenye simu hasemi neno.

MAZOEZI

1. Redio ya nyumbani na simu ya mkononi zinatofautiana namna gani?

2. Katika Jaribio la 1, kama umbali kutoka kwenye taa ungekuwa mara nne, mwanga ungeenea katika eneo kubwa mara ngapi?

3. Betri ina miliampia-saa 1,200. Itakaa saa ngapi simu ikitumia (a) miliampia 6? (b) miliampia 30?

4. Rafiki yako anasema: "Tukikaa karibu na mnara betri zetu zitaisha upesi." Mweleze kosa lake.

5. Baba yako anakwenda kuvua samaki siku nzima mahali pasipo na mtandao. Simu yake ina chaji kidogo. Andika barua fupi ya kumshauri namna ya kuitunza ili aweze kupiga simu atakaporudi pwani jioni.

6. Chora ramani ya kijiji au mtaa wenu. Onyesha mnara, vilima, mabonde na majengo makubwa. Paka rangi mahali unapodhani pana mtandao hafifu, kisha nenda ukapime uone kama ulidhani sawasawa.